Njia, Mkono na Mnyororo: Silsila ya Tarika ya Qadiriyya Tabora na katika Njia Kuu ya Misafara



1. Utangulizi

Historia ya Tabora imezoeleka kuandikwa kama historia ya pembe za ndovu, bunduki na vita. Wasomaji wa vitabu vya shule wanaufahamu mji huu kwa majina ya Fundikira, Mirambo na Isike. Kwa safari za Burton, Speke, Livingstone na Stanley. Na kwa reli ya kati, ambayo ilifika hapo mwaka 1912 na kufika Kigoma mwaka 1914. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini njia ile ile iliyopitisha pembe, shanga na nguo ilipitisha pia kitu kisichobebwa kichwani wala begani, nacho ni orodha ya majina. Orodha hiyo huanzia kwa shehe wa mahali, ikapanda hadi Barawa, kisha Baghdad, kisha Basra na Madina, na kukomea kwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Orodha hiyo ndiyo iitwayo silsila.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza asili ya tarika ya Qadiriyya, au Kadiria kama inavyotamkwa na wengi, na namna silsila yake ilivyofika Tabora na kuenea kuelekea Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hoja inayotetewa ni hii: kwa watu waliotengwa na nasaba zao kwa kutekwa, kuuzwa au kuhama, silsila ilikuwa nasaba ya pili, na nasaba hiyo haikuhitaji damu. Aidha, sehemu kubwa ya ushahidi wa jambo hili imo katika msamiati wenyewe wa tarika na katika namna Kiswahili kilivyoupokea. Kwa hiyo suala hili ni la mwanaisimu kama lilivyo la mwanahistoria.

2. Chimbuko la tarika: kutoka Baghdad hadi Barawa

Qadiriyya imepata jina lake kwa Shehe Abdulqadir al-Jilani, mwanachuoni na mhubiri wa madhehebu ya Hanbali aliyeishi na kufundisha Baghdad, akafariki dunia mwaka 1166. Yafaa kukumbuka kwamba utaratibu wa tarika kama unavyojulikana leo, wenye makhalifa, ijaza na zikri maalumu, ulijengwa zaidi na watoto wake na wafuasi wa vizazi vilivyofuata. Shehe mwenyewe aliacha mafundisho, madrasa na ribati. Waliomfuata ndio waliofanya jina lake kuwa kitovu cha jumuiya iliyoenea kutoka India hadi Afrika Magharibi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mtu ambaye jina lake limeambatana zaidi na tarika hii ni Shehe Uways bin Muhammad al-Barawi. Alizaliwa Barawa, katika pwani ya Banadir, mwaka 1847. Baada ya masomo ya nyumbani alisafiri hadi Baghdad, akasoma kwa Sayyid Mustafa bin Salman al-Jaylani, mmoja wa kizazi cha Shehe Abdulqadir, na huko akapewa ijaza. Alirejea Barawa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Muda si mrefu akaanza kuitembelea Unguja, ambako Sultani Barghash bin Said alimpokea kwa heshima. Jambo hilo si dogo, kwani Sultani alikuwa Muibadhi na mgeni wake alikuwa Sunni wa madhehebu ya Shafii na mfuasi wa tarika. Kutoka Unguja Shehe Uways aliteua makhalifa, na makhalifa hao ndio walioieneza tarika katika Mrima na bara.

Mwaka 1909 Shehe Uways aliuawa huko Biyoley, katika bara la Somalia, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan wa tarika ya Salihiyya. Miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa baina ya pande hizo mbili ni uhalali wa kuomba kwa kupitia mawalii waliokwisha kufariki. Kwa maneno mengine, kilichobishaniwa ni uzito wa silsila yenyewe: je, majina ya waliotangulia ni kumbukumbu tu, au ni daraja lililo hai baina ya mja na Mola wake? Mtu aliyeipeleka silsila pwani alikufa katika ugomvi uliogusa swali hilo.

Kwa wanafunzi wa lugha, kuna jambo moja la Barawa ambalo halina budi kutiliwa mkazo. Mji huo una lahaja yake ya Kiswahili, Chimiini, na Shehe Uways alitunga mashairi ya dini kwa Kiarabu na kwa Chimiini. Washairi wengine wa mji huo, kama vile Dada Masiti na Shehe Qasim bin Muhyiddin, waliendeleza utamaduni huo. Kwa hiyo tarika haikuja Afrika Mashariki ikiwa na Kiarabu peke yake na kusubiri kutafsiriwa. Ilipotoka Barawa ilikuwa tayari imezoea kusema na watu kwa lugha iliyo jamaa ya karibu ya lugha ya Unguja na Bagamoyo.

3. Tabora: mji wa njia panda

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Usagara na Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikavuka pori kame lililoitwa Mgunda Mkali, na kuingia Unyanyembe. Hapo ndipo palipokuwa Kazeh, makazi ya wafanyabiashara ambayo leo yamo ndani ya Tabora. Kutoka hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Ufipa, na nyingine magharibi kupitia nchi za Urambo na Uvinza hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni mwaka 1857 na kufika Kazeh mwezi Novemba. Hata kwa msafara uliokwenda haraka zaidi, safari hiyo ilihesabiwa kwa miezi.

Katika mji huo waliishi pamoja watu wa namna nyingi. Walikuwapo Waarabu wa asili ya Omani, wengi wao Waibadhi. Waswahili wa Mrima na Unguja. Wanyamwezi, ambao kazi ya upagazi ilikuwa imekuwa kwao shughuli ya ujira na ya sifa. Na watumwa waliotoka pande mbalimbali, hususan Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ndoa na biashara ziliwafunga wakubwa wa pande zote. Muhammad bin Juma, babaye Hamed bin Muhammed el Murjebi ambaye watu walimwita Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode huko Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, ni kielelezo cha lugha ya njia hiyo. Hata hivyo, ni masimulizi ya biashara na vita zaidi kuliko ya dini.

Tofauti hiyo inadhihirisha jambo la maana. Kwa miongo kadhaa Uislamu ulikuwapo Tabora bila kuenea sana nje ya nyumba za wafanyabiashara. Waibadhi hawakuwa na desturi ya kuwaita watu wa bara katika madhehebu yao, na mfanyabiashara hakuwa na haja kubwa ya kumfundisha dini mtu aliyemnunua. Hali ilianza kubadilika katika muongo wa mwisho wa karne ya 19. Mwezi Januari mwaka 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike, naye Isike akajilipua ndani yake kuliko kutekwa. Uwezo wa watemi na wa Waarabu ulipungua kwa pamoja. Ni katika muongo huo huo ndipo wanahistoria wa tarika wanapomtaja Shehe Zahor bin Muhammad kuwa khalifa wa Shehe Uways mjini Tabora. Mpango wa zamani wa heshima ulikuwa umevunjika na mpya haujakaa sawa. Tarika ilikuja wakati watu walipokuwa wakitafuta mahali pa kusimama.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, August Nimtz alionyesha kwamba Qadiriyya katika Tanganyika iliwavuta zaidi watu wa bara na wenye asili ya utumwa, watu ambao mfumo wa heshima wa pwani uliwaweka pembeni. Tarika ya Alawiyya, kwa kulinganisha, ilihusiana kwa karibu na nasaba za masharifu wa Hadhramaut, na elimu yake ilipita zaidi katika koo hizo. Katika Qadiriyya mlango ulikuwa mpana zaidi. Ili kuelewa upana wa mlango huo, inafaa kuyatazama maneno yaliyoandikwa juu yake.

4. Maneno manne ya tarika

Neno la kwanza ni tarika lenyewe. Kwa Kiarabu maana yake ya msingi ni njia. Katika matamshi ya pwani yaliyolelewa na vyuo vya Kurani hutamkwa twarika, kwa kuwa sauti nzito ya Kiarabu huachiwa alama yake kwa kuongezwa w, kama ilivyo katika twahara na twalaba. Hali kadhalika zikri ina sura zake: wanaoifuata sauti ya Kiarabu husema dhikri, na wasio na sauti hiyo katika lugha zao za kwanza huweka z na kuongeza irabu, zikiri. Tofauti hizi si makosa ya kusahihishwa. Ni alama za safari: kila tamko linaonyesha neno lilipita kinywa gani kabla ya kufika hapo lilipo. Mkazi wa Unyanyembe aliposikia kwamba shehe anatoa njia, alisikia neno alilokuwa akilifahamu vizuri kuliko mtu wa mji mwingine wowote. Njia ilikuwa na kiongozi wake, kirangozi, ilikuwa na vituo, na ilikuwa na hatari kwa anayetoka peke yake. Fundisho la kisufi kwamba asiye na shehe hupotea halikuhitaji maelezo marefu mbele ya wapagazi.

Neno la pili ni uradi, wingi wake nyuradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu ambayo muridi hupewa ayasome kila siku kwa idadi na wakati maalumu. Asili yake ni wird, na kitenzi kilichozaa neno hilo katika Kiarabu kina maana ya kufika kwenye maji, kama mifugo inavyofika kisimani. Kiswahili kimelipa neno hili kitenzi chake chenyewe: uradi huvutwa. Mtu huvuta uradi kwa tasbihi, punje baada ya punje, kama avutaye kamba ya kisima. Aliyewahi kuvuka Mgunda Mkali alijua thamani ya mahali pa maji panaporudiwa kila siku.

Neno la tatu ni baia, yaani kiapo cha utii ambacho muridi humpa shehe kwa kupeana mkono. Katika mazungumzo ya Kiswahili tendo hilo huelezwa kwa mkono wenyewe: mtu hupewa mkono, au hushika mkono wa shehe. Kwa Kiarabu, baia ya kiapo na bay' ya mauzo zimetoka katika shina moja, kwa kuwa tangu zamani makubaliano ya biashara yalithibitishwa kwa kupeana mkono. Na bay' hiyo ya mauzo ndiyo iliyotupatia neno bei. Hivyo basi bei na baia ni ndugu. Katika mji ambamo binadamu walikuwa na bei, mtu aliyewahi kuwekewa thamani kwa doti za nguo alinyoosha mkono wake mwenyewe na kuingia katika mapatano ambayo hakuna aliyemuuza wala aliyemnunua. Tendo lilikuwa lile lile la mkono. Mwenye kutenda ndiye aliyebadilika.

Neno la nne ni silsila. Maana yake ya kwanza katika Kiarabu ni mnyororo. Mwalimu aliyetaka kulifafanua kwa Kiswahili hakuwa na neno la karibu zaidi kuliko hilo, na hapana haja ya kueleza mnyororo ulikuwa na maana gani katika njia ya kwenda Ujiji. Pete za mnyororo wa shingoni ziliwafunga watu waliotoka vijiji tofauti, wasiojuana, wakaendeshwa pamoja kuelekea upande mmoja. Pete za silsila nazo huwaunganisha watu wasiojuana, wengine wakiwa wameachana kwa karne nyingi. Lakini mnyororo wa kwanza ulimnyang'anya mtu jina la babaye, na wa pili ulimpa majina ya mababa ishirini na zaidi.

Hapa inafaa kuweka tahadhari. Etimolojia ya neno si sawa na fahamu ya mtumiaji wake. Haiwezi kudaiwa kwamba kila muridi wa Tabora alijua mzizi wa Kiarabu wa baia au wa uradi. Walioujua ni walimu. Hata hivyo, muridi hakukosa maana hizo, kwa kuwa zilimfikia kwa Kiswahili: njia, mkono, kuvuta. Nguvu ya istilahi hizi haikutegemea kamusi. Ilitegemea mazingira ya mahali zilipotumika.

5. Silsila kama matini

Silsila husomwa, huandikwa katika ijaza, na hutungwa katika kasida. Kwa umbo ni matini fupi na yenye sarufi rahisi: fulani amechukua kwa fulani, naye kwa fulani. Kitenzi ni kimoja na kiunganishi ni kimoja, na mwendo daima ni wa kurudi nyuma. Sehemu ya kale ya silsila ya Qadiriyya inajulikana kwa upana. Shehe Abdulqadir alichukua kwa Abu Said al-Mukharrimi. Naye kwa Abulhasan al-Hakkari. Naye kwa Abulfaraj al-Tartusi. Naye kwa Abdulwahid al-Tamimi. Naye kwa Abubakar al-Shibli. Naye kwa Junayd wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910. Naye kwa Sari al-Saqati. Naye kwa Maruf al-Karkhi. Kwa Maruf mnyororo hugawanyika. Tawi moja hupitia kwa Ali al-Rida na maimamu wa kizazi cha Mtume; jingine hupitia kwa Daud al-Tai, Habib al-Ajami na Hasan al-Basri. Matawi yote mawili hukutana kwa Ali bin Abi Talib, na kutoka kwake kwa Mtume.

Msomaji wa haraka huona hapa orodha ya majina ya heshima. Msomaji wa taratibu huona watu wa aina gani walioingizwa humo. Hasan al-Basri alikuwa mtoto wa mtu aliyetekwa vitani huko Iraki, kisha akaachwa huru. Jina la Habib al-Ajami lenyewe latangaza kwamba mwenye nalo hakuwa Mwarabu. Maruf al-Karkhi, kwa mujibu wa mapokeo, alizaliwa na wazazi wasio Waislamu na akawa maula, yaani mtu aliyeingizwa katika ukoo kwa kusilimu au kuachwa huru, wa nyumba ya Ali al-Rida. Al-Saqati ni jina la muuza vikorokoro vya sokoni. Kwa hiyo silsila iliyofika Tabora haikuwa ngazi ya wafalme ambayo mtumwa aliombwa aitazame kutoka chini. Mateka, mgeni na mchuuzi walikuwa wamekwisha kusimama juu yake miaka elfu moja kabla ya muridi wa kwanza wa Unyanyembe.

Mwanaisimu na mwanahistoria hawana budi pia kukiri mipaka ya matini hii. Wanachuoni wa hadithi wamebishana tangu zamani kama Hasan al-Basri, aliyezaliwa mwaka 642, alipata kusoma moja kwa moja kwa Ali, aliyeuawa mwaka 661. Vilevile, kutoka kifo cha Shehe Abdulqadir hadi kuzaliwa kwa Shehe Uways ni miaka 681. Muda huo hauwezi kujazwa bila vizazi vingi vya mashehe, ilhali silsila zinaposomwa kwa mdomo hupenda kufupishwa, zikaruka kutoka jina kubwa hadi jina kubwa. Mtafiti anayeitafuta ndani yake orodha kamili ya walimu na wanafunzi atakatishwa tamaa. Lakini dai la silsila si ukamilifu bali ni uunganifu. Katika hilo inafanana na nasaba za watemi na za koo za Wanyamwezi, ambazo nazo huwakumbuka waanzilishi na walio karibu, na kuwapunguza wa katikati.

Mfanano huo unaeleza kwa nini silsila ilieleweka upesi bara. Jamii za njia ya misafara zilijua tayari kwamba mtu ni nani kwa kuwa ametokana na nani. Kilichokuwa kigeni ni kanuni ya kuingia. Katika nasaba ya damu mtu huzaliwa; katika silsila mtu huchukua. Kitenzi hicho, kuchukua, kinastahili kuangaliwa. Pagazi alichukua mzigo. Muridi alichukua tarika. Kitenzi ni kimoja, na katika matumizi yote mawili mchukuzi hupokea kitu kilicho kizito kuliko yeye ili akifikishe kwa mwingine.

6. Kutoka Tabora na kurudi pwani

Uenezi wa tarika haukuwa wa mwelekeo mmoja. Mfano mashuhuri ni wa Shehe Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Shehe Ramiya. Alizaliwa Manyema, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto, akiwa mtumwa katika nyumba ya Kiarabu. Yaani aliipita njia yote ya misafara, kutoka mwisho wake wa magharibi hadi baharini. Alijisomesha, akapata uhuru na mali, akapewa ijaza ya Qadiriyya, na mpaka alipofariki mwaka 1931 alikuwa mmoja wa mashehe wakubwa wa tarika hiyo katika Tanganyika nzima. Baada ya Waingereza kuuchukua mji wa Bagamoyo mwaka 1916, alifanywa liwali. Maulidi yake yalivuta wageni kutoka miji ya bara, na baadhi yao walikuja kwa njia ile ile aliyoletwa nayo.

Upande wa magharibi, Ujiji ilikuwa kituo cha kuvukia ziwa. Kutoka huko mafundisho ya tarika yaliingia Kongo Mashariki na kufika Kasongo na Manyema yote, ambako watawala wa Kibelgiji waliyatazama kwa mashaka. Wajerumani nao walikuwa na hofu yao. Mwaka 1908, barua iliyodaiwa kutoka Maka ilienea katika miji ya pwani ikiwahimiza Waislamu watubu kwa kuwa siku ya mwisho imekaribia. Maofisa wa Kijerumani waliihusisha barua hiyo na mtandao wa Qadiriyya na na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyeitwa Rumaliza, mfanyabiashara wa zamani wa Ujiji aliyekuwa akiishi Unguja. Lililowatia hofu ni kwamba maneno yalisafiri kwa kasi katika njia ambazo wao hawakuzisimamia.

Lugha inathibitisha safari hizo. Neno mwungwana, ambalo pwani lilimaanisha mtu huru wa nasaba njema, lilipofika bara lilipanuka. Katika Kongo Mashariki wangwana walikuwa Waislamu wenye kusema Kiswahili, hata kama wengi wao walikuwa wamezaliwa vijiji vya huko huko au wametoka utumwani. Na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Pwani palikuwa na watu waliokataa kuwatambua waungwana wa namna hiyo. Tarika haikumaliza ubishi huo, lakini ilimpa mtu wa bara hoja ambayo mwenye nasaba hakuweza kuipuuza kwa urahisi: jina la shehe wake, na la shehe wa shehe wake.

Wanawake nao wamo katika mnyororo. Ushahidi ulio wazi zaidi hautoki Tabora bali Nyasaland, Malawi ya leo, ambako Mtumwa binti Ali bin Yusuf alifika kutoka Unguja mwaka 1929 na kuieneza Qadiriyya. Jina lake lina sura mbili: mtumwa ni mtu asiye huru, lakini kwa mofolojia ni yeyote aliyetumwa. Kitenzi hicho hicho, tuma, ndicho kilichozaa mtume. Kwa binti Ali, ile sura ya pili ndiyo iliyotimia.

7. Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, asili ya Qadiriyya katika Tabora si tukio moja la kuletwa na kupokewa. Ni mfululizo wa kuchukua na kupeleka, uliowashirikisha Wabarawa, Waunguja, Wanyamwezi na Wamanyema, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi hiyo tangu mwanzo. Pili, silsila ifasiriwe kama matini ya utambulisho, wala isipimwe kwa kipimo cha rejista ya vizazi. Swali la manufaa zaidi kuliko kuuliza kama kila pete ipo ni kuuliza nani aliruhusiwa kuwa pete. Tatu, jibu la swali hilo lina uzito wa kijamii. Utumwa katika Tanganyika ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Kabla ya sheria hiyo, na bila kuingojea, watu walioitwa hawana kwao walikuwa wameketi katika halaka moja na wenye kwao, wakitaja majina ya mababa wale wale.

Lipo jukumu linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Ijaza, kasida na orodha za silsila zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zimehifadhiwa majumbani, katika masanduku na majuzuu, na karatasi haina maisha marefu mbele ya mchwa na mvua. Nyingine zimo vifuani mwa wazee. Wanaozichukulia kuwa ni mambo ya dini peke yake huziacha kwa wanateolojia. Wanaozichukulia kuwa ni Kiarabu peke yake huziacha kwa Waarabu. Lakini pembezoni mwa matini hizo mna maelezo ya Kiswahili, matamshi ya Kiswahili na majina ya watu wa bara ambayo hayapatikani katika kumbukumbu za serikali yoyote. Kuzikusanya kwa idhini ya wenyewe, kuzinakili na kuzifafanua ni kazi ya isimu na ni kazi ya haki. Majina ya walionunuliwa yaliandikwa mara chache sana, na mara nyingi pamoja na bei zao. Katika silsila yameandikwa pamoja na walimu wao.